Sanamu ya Nne Ndani ya Mayi

Bihambwe, tarehe 10 janvier 1965

Mwipwa wangu Sidonie,

Ninakutumia salamu nyingi kama maharagi siku ya kupura. Zingine umupe bwana yako Nzanzu, lakini umuambie asizipime ku kilo kama vile anapimaka chumvi mu butiki yake. Siye hapa tuko wazima. Muke wangu Mama Adelaïde anasumbuka bado na goti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa hata kidogo. Muhogo umetoka vizuri. Ile mbuzi ya madoa ilizaa mapacha. Wajirani wanasema ni bahati. Miye nasema ni akili ya mwenye mbuzi.

Nimesikia dada yangu Marie, mama yako, hali chakula vizuri tangu ile mambo ya Kibua. Umuambie kaka yake anasema: ale. Juu ya mambo yenyewe sitaandika, barua inapitaka mbele ya macho mengi. Sasa sikia neno lenye linanikondesha.

Unakumbuka étang yangu, lile bwawa nilichimba wakati ya agronome, bwana shamba wa Wazungu. Wengine walichimba, halafu wakaacha bata waharibu. Yangu njo peke inabaki na mayi mu Bihambwe yote. Agronome mwenyewe alisema mbele ya watu: «Polycarpe, kama ungalisoma, wewe njo ungalinifundisha.» Nilisoma mupaka mwaka wa tatu, mwalimu akanifukuza, juu alianza kuogopa nitamupita. Tilapia zangu ziko kubwa vile moja ilimeza sabuni ya Mama Adelaïde, na tulipoipika chungu kilitoa povu mupaka jioni.

Lakini niko na maadui. Kuko kandege ka bluu, mudomo kama sindano, kanaanguka mu mayi kama jiwe na kutoka na katoto ka samaki. Ako si kitu. Adui mwenyewe ni korongo, ile ndege ya kijivu, miguu kama fito, shingo kama ndoana. Nilimupa jina Juge, ni kusema hakimu, juu anasimama kimya asubuyi yote kama mutu anasikiliza kesi, kisha anakata shauri mara moja, na hakuna rufani.

Nilivuta kamba juu ya mayi, nikatundika vifuniko vya sardini ili ving'ae na kumutisha. Juge akajitazama humo kama bibi-arusi. Nikaweka matawi ya miiba ku kando, akashukia katikati. Nikafunga mbwa, sasa mbwa na Juge wanaota jua pamoja kama mashemeji. Nikasimamisha sanamu tatu za miti mu mayi, nikazivalisha magunia na kofia za majani. Mwanzo hata Kanyamibwa jirani yangu alizisalimia. Halafu Juge akakaa juu ya kichwa cha sanamu ya kwanza, akatengeneza manyoya yake, akanya.

Ndege hajasoma, mwipwa wangu, lakini anajua kitu chenye kupumua na kitu cha muti. Hapo njo anatushinda.

Unitumie kamba ya nilon, ile haionekane mu jua. Omer, shofere wenu, akipita na kamio, lori yenu ya mizigo, amuachie Mama Adelaïde.

Ni miye mujomba wako, mwenye étang,
Polycarpe


Hombo, le 14 février 1965

Mujomba wangu mupendwa,

Barua yako ilifika kuchelewa, imekunjwa kama ilifunguliwa na kufungwa tena. Kamio yetu ilisimamishwa ku kila bariere, na Omer alishusha mizigo na kuipandisha mupaka mikono ikavimba. Tunashukuru uko muzima. Mutoto wetu Régine anaota meno. Nzanzu anakusalimia, anasema salamu zako amezipima, zimepungua kidogo.

Tulicheka juu ya sabuni. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mu hii nyumba tangu Noeli.

Mujomba, ulisema hutaandika. Miye nitaandika mara moja, kisha nitanyamaza. Unajua vile ilipita. Wale waasi wa kuvaa majani ku kichwa walipofika Kibua mwaka jana, walifunga vijana kwa kamba na kwenda nao, na mudogo wangu Séraphin alikuwa kati yao. Walimubebesha masanduku. Bunduki hakushika. Akawatoroka mu pori. Sasa wale wameenda, na waaskari njo wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza juu ya kila kijana aliyeonekana nao. Hawaulizi alibeba nini. Wale wawili waliokamatwa Kibua hawakurudia, hata nguo zao hazikurudia. Walikuja mupaka hapa ku butiki, wakamuuliza Nzanzu: «Shemeji yako iko wapi?» Akajibu hajui, na ilikuwa kweli.

Mama anakaa ku mulango kule Kibua, sahani yake inapoa mu mikono.

Kama mutu anapita kwenu, mutu yeyote, mumupe chakula. Lakini usiniandikie jina. Usiseme jina ku soko, wala ku misa, wala mu pombe. Ninakujua, mujomba wangu. Ninakupenda na ninakujua.

Nilon iko na Omer.

Mwipwa wako,
Sidonie


Bihambwe, tarehe 21 mars 1965

Mwipwa wangu Sidonie,

Salamu zangu za leo umupe Nzanzu azipime tena, safari hii atahitaji kilo kubwa. Goti ya Mama Adelaïde imepona kabisa tangu tuko na mugeni, nataka kusema tangu tuko na kazi nyingi. Mbuzi ziko. Mvua iko. Nilon ilifika.

Jina ulisema nisiandike, siliandike. Hapa hakuna mutu. Hata ukimutuma Askofu kuja kuchungulia mu étang yangu, atakuambia: hakuna mutu, kuko sanamu ya nne tu.

Sikia habari ya hii sanamu ya nne. Ni muti wa Kibua, muti mugumu, ulipita mvua nyingi mu pori na ulifika hapa umekonda, maganda yamechubuka ku mabega. Niliuvalisha gunia, nikaupaka tope, nikaweka kofia ya majani. Muchana unasimama mu mayi mupaka kiuno kati ya wenzake. Magaribi unarudia nyumbani, unakula ugali mingi kuliko sanamu zote nilizojua.

Walisaka hapa. Walitoboa nyasi za mapaa kwa visu, walifungua mupaka pipa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Kanyamibwa, wakaionja ili wajue kama kuna mutu ndani, wakaonja tena. Walipiga mu migomba yote. Étang walipita kando yake. Nani anatafutaka kitu chenye kusimama wazi? Hii akili sikuipata ku kitabu, mwipwa wangu. Ilitoka mu kichwa hiki.

Na Juge! Alikuja asubuyi moja, miguu tayari imenyooshwa, akaona sanamu ya nne, shingo ikasimama kama mukia wa paka. Akageuka hewani. Sasa anakaa mbali, upande wa sanamu ya kwanza, na njaa yake. Kandege ka bluu kamehama. Samaki zinaruka zenyewe, mutu anaweza kuzikinga na kikapu. Nilipeleka zingine ku soko, watu wakasongana. Wakaniuliza: «Papa Polycarpe, ndege haziogope étang ingine, kwa nini yako?» Nikawaambia sanamu zangu ziko na dawa, na mafundi wa Goma wananiandikia kila mwezi kuiomba. Kanyamibwa akasema:

«Polycarpe, ulimi wako utakupitisha siku moja ku mulango usio na nyuma.»

Ni wivu. Yeye étang yake ilikufa.

Unitumie aspirine. Muti wa Kibua haukuzoea baridi ya huku, unatetemeka mupaka mayi yanafanya mawimbi. Na pantalo ndefu moja. Sanamu pia iko na haya.

Mujomba wako, fundi wa ndege na samaki,
Polycarpe


Hombo, le 11 avril 1965

Mujomba,

Salamu kwako na kwa Mama Adelaïde, na kwa sanamu zote, moja kwa moja. Régine sasa anasimama. Nzanzu alipata malaria, imepita.

Nilifika Kibua mwenyewe kumusomea Mama barua yako. Nilisoma mupaka pale pa ugali mingi. Akanizuia, akasema: «Rudia hapo.» Nikarudia. Akaniomba nimupashie sahani yake moto. Mujomba, alikula yote na akalamba kijiko.

Aspirine iko ndani ya kopo ya unga wa maziwa, chini. Pantalo ni ya Nzanzu. Umuambie ile sanamu mama ya muti anamusalimia.

Sasa unisikie vizuri. Omer alikunywa chai Masisi, ku hoteli ya pembeni ya soko. Watu wasiomujua walikuwa wanaongea juu ya «ule muzee wa Bihambwe ambaye ndege wanakimbia étang yake». Mupaka Masisi, mujomba! Wanasema kuko dawa. Wanasema tilapia zake ni kama paja ya mutu. Kule ku kambi ya waaskari pia watu wanakula samaki. Wakisikia, watakuja.

Ninakuomba kitu kimoja. Umuache Juge akule. Ondoa nilon, ondoa vifuniko, waite ndege wote wa Masisi wakule mupaka samaki ya mwisho. Étang bila samaki hakuna mutu anakujaka kuitazama. Utasema ku soko dawa imeisha nguvu. Watakucheka wiki moja, kisha watakusahau. Sisi tunahitaji usahaulike.

Nijibu kama umefanya.

Sidonie wako


Bihambwe, tarehe 9 mai 1965

Mwipwa wangu Sidonie,

Nimepokea. Kopo imefika na chini yake pia imefika. Pantalo ni fupi. Nzanzu ni tajiri lakini miguu hana. Mama Adelaïde anasema asante. Tumevuna maharagi, mvua iliharibu kidogo upande wa chini.

Juu ya neno lako la kumuachia Juge samaki. Mwipwa wangu, miye nilichimba lile shimo kwa jembe moja. Niliona wengine wote wakishindwa. Na sasa nimushinde ndege kisha nimuite mezani? Na niende ku soko niseme «nimeshindwa»? Kanyamibwa atacheka mupaka azae. Hapana. Na tena, kama ndege wakirudia ku mayi wakati sanamu ya nne iko imesimama, watu watajiuliza. Niliwaza hiyo yote. Hujui nguvu ya kichwa cha mujomba wako.

Walikuja, ni kweli. Mukubwa wa kambi, yule adjudant watu wanamuita Ajida, na waaskari wake mu motokari ya jipu. Usishituke, soma mupaka mwisho utacheka.

Walipotokea ku barabara, sanamu ya nne ilikuwa mahali pake. Ajida akashuka. Ni mutu mufupi, sauti ya chini, anasemaka «tafazali» kwa kila kitu.

«Muzee, ni wewe wa samaki?»

«Ni miye, Mukubwa. Hakuna mwengine.»

«Na ndege hazikuibie?»

«Mukubwa, ndege zikisikia jina langu zinabadilisha njia.»

Akacheka. Nikavuta wavu, nikamupa samaki kikapu muzima. Akatembea ku ukingo, akaingia na buti yake mu mayi, akaipiga kofi sanamu ya kwanza. Kichwa kikaanguka. Wote wakacheka, na miye nikacheka kuliko wote. Halafu, mwipwa wangu, sanamu ya nne ikakohoa.

Mama Adelaïde alikuwa anaosha sahani pale karibu. Akakohoa nyuma yake, kikohozi kikubwa cha kuvunja mbavu, akatema, akaomba musamaha. Tangu siku ile anakohoa kila saa, ili watu wazoee. Ninakuambia, mu hii nyumba wote tuko mafundi.

Ajida akakaa kidogo ku jiwe kuvuta sigara. Juge akaja, akashuka juu ya sanamu ya pili, halafu ya tatu. Ajida akatazama moshi wake, akasema polepole:

«Muzee, ndege yako inachagua kiti.»

Akaenda. Maneno ya mutu aliyeshiba, basi. Sasa anatuma watu kila siku ya soko kuchukua samaki, na anasema mu watu wote Polycarpe ni rafiki yake. Nani mwengine hapa iko na rafiki wa namna ile? Mutu anajificha vizuri zaidi nyuma ya rafiki.

Aspirine zingine, kama ziko. Kikohozi hakipone.

Mujomba wako,
Polycarpe


Hombo, le 16 mai 1965

Mujomba,

Omer amefika leo na barua yako, na anarudia njiani kesho, kwa hiyo leo sina salamu ndefu. Tuko wazima.

Sikucheka. Nilisoma «inachagua kiti», nikatafuta barua yako ya kwanza. Wewe mwenyewe uliniandikia janvier: ndege anajua kitu chenye kupumua. Kama wewe uliona, yule pia anaona. Anatumwa kuona, njo kazi yake.

Tufanye hivi. Siku moja mbele ya Pentekoste, Omer atapita kwenu na kamio, akitoka Sake na mizigo ya chumvi. Nzanzu amepanga nafasi katikati ya magunia, pa mutu kulala. Omer atasimama kama anatafuta mayi ya rejeta. Sanamu ya nne ipande. Siku ile ile uvunje ukingo, uachie mayi na samaki vyote viende. Ukiulizwa, sema mvua imeuvunja.

Nzanzu si ndugu wa damu wa ile sanamu, na anaweka kamio yake na shingo yake. Wewe weka samaki tu.

Mwipwa wako


Bihambwe, siku moja mbele ya Pentekoste 1965

Mwipwa wangu Sidonie,

Ninaandika haraka juu ya mudguard ya kamio, Omer ananisimamia na uso kama radi. Salamu kwa wote.

Usikasirike. Si leo. Ajida alituma neno jana: kesho kiisha misa anakuja hapa na wageni wake wakubwa kutoka mbali, na bibi zao, na viti. Amewaambia juu ya étang yangu. Niliahidi. Akikuta shimo kavu na tope siku ile ile ya sikukuu, atauliza kwa nini Polycarpe amevunja jana. Atahesabu sanamu na kukuta moja haipo. Atafuata kamio. Unaona? Ni hekima, si kiburi. Omer anasema ni kiburi. Omer ni shofere, ajue mambo ya rejeta.

Arudie kesho kutwa tu, akitoka Masisi. Kesho kutwa nitavunja ukingo kwa jembe lile lile nililochimbia. Siku moja tu, mwipwa wangu. Wageni waone mara moja kitu hakuna mwengine alifanya mu nchi hii, kisha basi.

Niliuliza sanamu ya nne kama inakubali. Inaangalia kamio.

Polycarpe


Hombo, le 20 juin 1965

Mujomba,

Omer alirudia kwenu kesho yake ya Pentekoste kama ulivyosema. Alikuta mulango umefungwa muchana. Aliita, akazunguka nyumba. Alienda ku étang: ukingo umevunjwa, tope tupu, samaki kidogo zinapigapiga mikia. Alimuona Mama Adelaïde mu migomba, akamusalimia. Mama Adelaïde hakumuitikia. Alikuwa hakohoe tena.

Omer alisubiri mupaka magaribi, akaja bila mutu.

Mama amekuja kukaa kwangu hapa Hombo. Anauliza kama barua imefika. Ninamuambia barabara imekatika. Ni miye nilikukataza kuandika jina. Sasa ninaliandika mwenyewe, na wafungue barua, na wasome.

Séraphin iko wapi?

Sidonie


Bihambwe, tarehe 25 juillet 1965

Sidonie,

Goti ya Mama Adelaïde imerudia. Mbuzi niliuza. Barua yako iko hapa tangu mwezi uliopita, ninaipangusa vumbi kila asubuyi na kuirudisha.

Nitakuambia vile ilikuwa, na wewe utajua namna ya kumuambia dada yangu.

Walifika kiisha misa. Viti vilipangwa ku ukingo. Wageni walivaa vizuri, bibi mumoja aliogopa tope, nikamuwekea majani ya migomba chini ya viatu. Sanamu zilikuwa mahali pao, zote nne. Nilivuta wavu mbele yao, na samaki zilikuja nyingi vile bibi alipiga mikono. Nikaanza kuongea. Nilikuwa ninaongea vizuri ile siku, Sidonie. Niliwaambia ya sabuni. Niliwaambia ya mbwa. Walicheka mupaka mugeni mumoja akashika tumbo. Sikuwahi kuwa na watu wa kunisikiliza namna ile.

Halafu Juge akaja.

Akashuka juu ya sanamu ya kwanza. Ajida akapiga mikono, ndege akaruka. Akashuka juu ya pili. Ajida akapiga mikono. Akashuka ya tatu, akafukuzwa tena. Akaenda ku ya nne, akashusha miguu, akairudisha. Akazunguka mara ingine juu yake, karibu kabisa, akapanda juu sana na kwenda.

Ajida akaniuliza mbele ya wageni:

«Tafazali, Muzee Polycarpe. Zote ni miti. Kwa nini ile ya nne anaiogopa?»

Nilikuwa na jibu. Nilisema ile njo yenye dawa, dawa ya babu yangu, na kwamba Juge aliigusa mara moja akapoteza mayai. Ilikuwa hadisi yangu nzuri kuliko zote. Wageni wakacheka. Yeye pia akacheka, akaokota jiwe, akalitupa. Likaipata ku bega. Haikutikisika. Akatupa lingine, likaipata ku uso. Haikutikisika, Sidonie. Tope ikafanya mustari mwekundu, na haikutikisika. Mama Adelaïde akakohoa. Hakuna mutu alimuangalia.

Ajida akapangusa mikono yake.

«Sanamu nzuri,» akasema. «Miye pia niko na bustani kule kambini, na ndege wananisumbua. Rafiki yangu, utanipa hii moja.»

Wote walikuwa wananiangalia. Nilisema nini? Nilisema: «Chukua, Mukubwa.» Mudomo ulikuwa bado na kicheko.

Waaskari wanne wakaingia mu mayi, wakaibeba kama muti unavyobebwa, wawili ku mabega, wawili ku miguu. Ilikaza miguu mupaka mwisho. Walipoipitisha mbele yangu macho yake yalikuwa wazi. Kama ingaliniita mujomba, wangalichoma nyumba na Mama Adelaïde ndani. Ilijua. Haikuita. Wakailaza mu jipu chini ya buti zao, na wageni wakaagana na miye kwa mukono, mumoja kwa mumoja, wakanishukuru kwa sikukuu.

Nilienda kambini mara nyingi. Ku mulango wananiambia hapa hakuna mutu wa namna ile. Ajida mwenyewe alitoka siku moja, akaniambia: «Tafazali Muzee, ulinipa muti. Unataka nikurudishie mutu?» Nilichungulia nyuma yake. Bustani iko, kabichi ziko. Sanamu sikuiona.

Umuambie dada yangu hakulia. Umuambie alikuwa muti wa Kibua.

Ukingo niliuvunja ule usiku, mikono ikatoka damu. Juge alikula mupaka akashindwa kuruka. Ku soko siendi. Kanyamibwa anapitaka asubuyi, anaacha kasiksi ku mulango.

Jana nilishuka mu tope pale sanamu ya nne ilikuwaka inasimama. Nilisimama tu, sikuwa na kazi ya kufanya. Juge akaja. Alizunguka mara moja, akashusha miguu, akakaa ku bega langu. Alitengeneza manyoya yake muda murefu.

Polycarpe